Namna ya kuwa winga wa vikumbo kwenye hoki ya barafuni, na kula mshahara wake

Mama yangu, Mungu amrehemu, alifariki akiamini kwamba mwanawe aliyeko Kanada ni fundi wa nguo za kike. Nilimpigia simu Tanga mwaka 1994 kumwambia nimepata kazi ya kunoa skeiti. Yeye akasikia sketi. "Tangu lini sketi ikanolewa?" Nikamweleza kwamba ni viatu, chini vina visu, na watu huteleza navyo juu ya barafu wakikifukuza kidude cheusi kwa fimbo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bora ungeniachia hiyo sketi."

Basi mimi ni mnoaji. Chumba changu kiko chini ya majukwaa ya uwanja mmoja wa barafu huku kusini mwa Ontario, hakina dirisha, kinanuka chuma cha moto na soksi. Nimenoa viatu vya watoto wa miaka mitano na vya watu wanaolipwa mamilioni. Nimenoa pia vya mwanangu, ambaye mchezo huu ulimlisha kwa miaka tisa. NHL, ligi kuu ya huku Amerika Kaskazini, hakufika, nalisema mapema usije ukasoma hadi mwisho ukisubiri. Alicheza ligi ya vijana ya OHL, akaenda ECHL huko Marekani, mara chache akaitwa juu AHL, akamalizia Uingereza. Alikuwa winga wa vikumbo. Kazi yake ilikuwa kugonga, kugongwa, na kusimama pale ambapo wenzake hawapendi kusimama.

Siku hizi wazazi wenzangu wananifuata: wa Bukavu, wa Bujumbura, wa Mombasa, mmoja wa Mwanza. Wana watoto wa kiume wenye mabega kama milango, na kila mmoja ana swali lile lile. Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naandika.

Kwa asiyejua kabisa: kila timu huwa na watu sita barafuni, kipa akiwamo. Mbele wako watatu, senta na mawinga wawili. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20, na mtu hakai uwanjani hata dakika moja. Zamu ni sekunde 40 au 45, unakimbia kama umeiba, kisha unarudi benchi. Kile kidude huitwa paki: raba ngumu, unene inchi 1, upana inchi 3, uzito gramu 156 hadi 170, na kabla ya mechi hugandishwa ili kisidunde. Kikumbo ni kumpiga mwenye paki kwa bega, kifua au nyonga ili atengane nayo. Lengo ni hilo la kutenganisha. Anayempiga mtu kikumbo cha kumbomoa halafu paki ikabaki kwa wapinzani amefurahisha majukwaa tu.

Miguu kwanza

Mzazi anamwona mwanawe ana kilo 80 akiwa na miaka 14 anadhani kazi imekwisha. Kilo hazisukumi mtu kama miguu haijui kuteleza. Kule kwangu naona viatu vya kila mchezaji, na kwa jinsi makali yalivyoliwa namjua mwenyewe bila kumwona. Mvivu hula upande wa ndani tu, maana hajui kugeuka kwa kutumia makali ya nje. Winga wa vikumbo anayefaa hula pande zote sawa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi yangu na hakuna anayewaeleza watoto. Kisu cha kiatu si bapa chini. Kina mfereji katikati, na mfereji huo ndio unaoacha makali mawili, la ndani na la nje. Mfereji tunaupima kwa nusu kipenyo cha duara lililouchimba. Ukichimbwa kwa nusu inchi unakuwa wa kina: makali yanauma barafu, unasimama ghafla, unageuka kwa haraka, lakini mguu unachoka kwa sababu kila hatua unaichimbua barafu. Ukichimbwa kwa 5/8 ya inchi unakuwa na kina kidogo zaidi: unateleza mbali kwa nguvu kidogo, ila ukitaka kukata kona lazima ujue unachofanya. Kwa robo tatu ya inchi unaelea. Mtu mzito hujizamisha barafuni kwa uzito wake mwenyewe, kwa hiyo hahitaji mfereji wa kina kama mtoto mwepesi. Mwanangu alianza na nusu inchi kama wote. Alipofika kilo 90 alikuwa akilalamika mapaja yanawaka kipindi cha tatu. Nikampeleka 5/8 bila kumwambia. Baada ya mechi akaja: "Baba, leo nilikuwa nafika." Hakusema amekuwa na nguvu, amesema nafika. Lishike neno hilo, maana winga wa vikumbo analipwa kwa kufika. Akifika nusu sekunde mapema anachukua paki, akifika kwa wakati anapiga kikumbo halali, akichelewa nusu sekunde ni dakika mbili kwenye kiboksi cha adhabu na kocha anamwangalia kama aliyeiba kuku.

Kwa hiyo mazoezi ya miaka ya mwanzo ni haya: kuteleza kinyumenyume, kugeuka kulia kama kushoto, kusimama kwa mguu mmoja, hatua tatu za kwanza za kasi. Nje ya barafu, ngazi na kuchuchumaa, na shingo msiisahau. Ikiwa una pesa ya kulipia kitu kimoja tu kati ya mwalimu wa kuteleza na mashindano ya kiangazi yenye fulana na picha, mlipe mwalimu. Pesa yenyewe si ndogo, viatu vya daraja la juu peke yake vinapita dola 1,000, na mguu wa kijana hauna subira. Mimi nilimnunulia vilivyotumika hadi alipofika miaka 16. Kiatu kilichotumika chenye kisu kizima hakina aibu. Ukitaka kujua kama kisu kizima, lete kwa mnoaji, tunaangalia bure.

Hata huko nyumbani barafu si hadithi tena. Nairobi kuna uwanja mdogo ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ulifunguliwa mwaka 2005, na vijana wa Kenya Ice Lions walijifunzia pale pale. Mwaka 2018 waliletwa huku Kanada na wakajikuta wamevaa jezi pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Siku hiyo nilifunga duka mapema.

Kikumbo chenyewe

Hapa Kanada tangu 2013 watoto wa miaka 11 na 12 hawaruhusiwi vikumbo, vinaanza kwenye 13. Wazazi wengine walinung'unika. Mimi sikununa, kizazi cha mwanangu kilianza mapema mno na nimeona mitoto ikibebwa. Miaka ile ya kungoja haipotei bure. Mfundishe pembe.

Kule kwetu ukitaka kumwingiza mbuzi zizini humkimbilii. Ukimkimbilia anakupiga chenga anaingia shamba la watu. Unamkata njia: unakaa upande anaoutaka, unamwachia upande unaoutaka wewe, na polepole nafasi inakuwa ndogo hadi hana pa kwenda ila mlangoni. Kikumbo ni hivyo hivyo. Unatokea katikati ya uwanja, unamwachia kinjia kando ya mbao, ule ukuta mfupi wenye kioo juu unaozunguka barafu, na kinjia hicho unakipunguza. Ukifanya hivyo vizuri, mara nyingi hata kumgonga huhitaji, yeye mwenyewe anaitupa paki.

Ukilazimika kugonga, angalia nembo ya kifuani. Paki hudanganya, macho hudanganya, kichwa hudanganya, kifua kinakwenda anakokwenda mwenyewe. Fimbo yako itangulie kwenye paki, kwa sababu ukitanguliza bega na fimbo iko hewani, atapasia na wewe utabaki umekumbatia kioo. Hatua mbili au tatu kabla ya kumfikia acha kukimbia, teleza, kunja magoti kidogo, miguu ipanuke kama mabega. Ukiendelea kukimbia hadi unamgonga, au ukiruka, refa ataita na atakuwa na haki. Kiwiko kishuke, mikono isipande. Nguvu inatoka kwenye mapaja na kupita begani, na visu vyako vinabaki barafuni. Halafu, na hapa ndipo vijana wengi wanasahau kwa kusikiliza kelele za watu, chukua paki.

Usigonge ukiona namba ya mgongoni. Hata kama kocha anapiga kelele, hata kama mwenzako amepigwa dakika mbili zilizopita. Mtu aliyekupa mgongo mita moja kutoka kwenye mbao anaweza kuvunjika shingo. Usigonge kichwa. NHL iliweka kanuni ya vikumbo vya kichwani mwaka 2010, baada ya Marc Savard wa Boston kugongwa na Matt Cooke mwezi Machi mwaka huo, na siku ile kikumbo kile hakikupewa hata adhabu. Tangu hapo mambo yamebadilika. Tom Wilson wa Washington mwaka 2018 alifungiwa mechi 20 kwa kikumbo kimoja cha kichwani kwenye mechi ya maandalizi, msuluhishi akazipunguza zikawa 14. Mtu anayekaa nje hapokei mshahara wa mechi hizo. Wilson hakuacha kugonga, alijifunza wakati wa kugonga, na msimu wa 2024-25 akafunga magoli 33. Mwonyeshe mwanao Wilson wa zamani na wa sasa, mmoja baada ya mwingine, kisha mwache aone mwenyewe.

Kugongwa

Watu hawaniulizi hili na ndilo la kwanza ningefundisha. Ukiwa winga, timu yako ikiwa inatoka nyuma, unasimama kando ya mbao nusu ya njia ukisubiri pasi. Beki wa upande wa pili anaiona pasi kama unavyoiona wewe, na anakuja. Yeye anatazama mbele, wewe unatazama nyuma.

Chungulia begani kabla pasi haijafika. Mara mbili. Kisha chagua: ama ujibandike kwenye mbao kabisa, ama uwe mbali nazo. Ile mita moja ya katikati ndiyo inayoumiza, kwa sababu mwili unapata nafasi ya kuruka kabla ya kugonga. Ukijibandika, mbao zinabeba nguvu pamoja nawe na kinachosikika ni kelele tu. Usigeuze mgongo dakika ya mwisho. Usiinamishe kichwa. Ukihisi unakwenda kwenye mbao na huwezi kujizuia, mikono itangulie, kidevu juu, kichwa kisiwe cha kwanza kufika. Mwanangu nilimfundisha hivi kwenye gereji, yeye akiwa amevaa kofia na mimi nimebeba godoro. Mke wangu alitukuta akauliza kama tumechanganyikiwa.

Na kinga ya shingo. Oktoba 2023 huko Sheffield, Adam Johnson wa Nottingham Panthers alikatwa shingo na kisu cha kiatu katikati ya mechi akafariki. Mimi ndiye ninayevipa visu makali yake, na wiki ile sikuweza kunoa bila kutetemeka. Kwenye mashindano ya shirikisho la kimataifa sasa kinga ni lazima. Kwa mwanao iwe lazima hata mazoezini, hata kama wenzake wanamcheka.

Kazi isiyoonyeshwa kwenye marudio

Magoli ya kupiga mbio uwanja mzima ni ya wengine. Skauti, yaani mtu anayetumwa na timu kutafuta wachezaji, akija kumtazama winga wa vikumbo ana daftari, na anaandika vitu vidogo. Paki ilipofika kwake kando ya mbao nyuma, ilitoka nje ya mstari wa buluu, mpaka wa eneo la timu yake, au haikutoka? Kocha mmoja wa mwanangu alikuwa anahesabu hicho tu. Paki tatu zisipotoka, unakaa benchi hadi kesho. Si lazima itoke kwa uzuri. Igonge kwenye kioo, ipitishe katikati ya miguu ya beki, isukume kwa kiatu, almuradi itoke.

Skauti anaandika pia: paki ilipotupwa kona ya wapinzani, nani alifika wa kwanza? Wa kwanza anagonga na kuchelewesha. Wa pili anasoma paki inakwenda wapi na kuiokota. Wa tatu anabaki mbali kidogo na kona ili wasishambuliwe kwa nyuma. Kijana mwenye mwili mkubwa hupenda kuwa wa kwanza kila mara, lakini timu ikiwa na wa kwanza watatu itafungwa magoli sita.

Halafu mbele ya goli. Hapo ndipo mshahara ulipo. Unasimama mbele ya macho ya kipa, umempa mgongo, beki anakutandika fimbo ya kiunoni refa akiangalia kwingine, na mwenzako anapiga shuti la kilomita 140 kwa saa kuelekea kwako. Wewe usikwepe. Uiguse paki kwa ncha ya fimbo ibadilike njia. Mwangalieni Wayne Simmonds, mtoto wa Scarborough, hapa hapa Toronto. Kwenye drafti ya NHL ya mwaka 2006, yaani siku timu zinapochagua wachezaji wapya, hakuna timu iliyomtaja. Mwaka uliofuata Los Angeles wakamchukua wa 61. Alikuja kucheza zaidi ya mechi 1,000 za NHL, na magoli yake mengi akiwa Philadelphia yalitoka hapo hapo mbele ya kipa, mita mbili, fimbo chini, mgongo umevimba.

Zoezi lake ni rahisi na halina raha: paki 50 kwa siku zinapigwa kutoka mbali, wewe unazigusa. Mwanangu alifanyia barabarani na mpira wa tenisi, jirani akipiga. Sasa jirani yule ana jino la bandia, lakini hiyo ni habari nyingine.

Ngumi

Najua ulikuwa unangoja hapa. Ndiyo, wanapigana, na adhabu kwenye NHL ni dakika tano, si kufukuzwa, ingawa ziko ligi zinazofukuza. Sitakufundisha ngumi. Nitakueleza kilichobadilika.

Zamani mtu aliweza kuishi kwa ngumi peke yake. Dave Schultz wa Philadelphia msimu wa 1974-75 alikaa kwenye kiboksi dakika 472, na hakuna aliyemfikia hadi leo. Zama hizo zimepita. Baada ya mgomo wa wenye timu ulioifuta NHL nzima msimu wa 2004-05, kanuni zilikazwa, mchezo ukawa wa kasi, na mtu anayejua kupigana tu akakosa pa kukaa. OHL nayo mwaka 2012 ikaweka kikomo cha mapigano kumi kwa msimu, kila lililozidi likawa ni kufungiwa mechi, na baadaye kikomo hicho kikashushwa.

Mwanangu alipigana mara 19 katika maisha yake yote ya kazi. Nilizihesabu, kwa sababu vidole vyake nilivifunga mimi. Alishinda labda tano. Ushauri wangu ni kwamba usianze wewe, usikubali kila anayekuita, na usipigane kwa ajili ya majukwaa. Mpinzani akianguka, acha. Anayejua kucheza hapotezi kitu akikataa.

Kama unatafuta mtu wa kuiga, mtafute Jarome Iginla. Baba yake ni Mnigeria, na jina Iginla kwa Kiyoruba ni mti mkubwa. Alikuwa winga wa kulia wa Calgary. Kwenye fainali ya mwaka 2004 alivua glavu akapigana na Vincent Lecavalier, nyota kwa nyota. Lakini yule yule alifunga magoli 625 katika mechi 1,554, na mwaka 2010 kule Vancouver ndiye aliyempa Crosby pasi ya goli la dhahabu ya Olimpiki, akitoa paki huku akianguka kando ya mbao. Huyo aliweza kupigana, ila hakuajiriwa kwa ngumi.

Na umjue Derek Boogaard pia. Winga, mtu mkubwa sana, mechi 277 za NHL na magoli 3. Alifariki Mei 2011 akiwa na miaka 28, kwa vidonge vya maumivu na pombe. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na CTE, ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara.

Njia yenyewe, na karatasi zake

Kwa Ontario, kijana wa miaka 15 anaingia kwenye drafti ya OHL. Si ile drafti ya kibarazani yenye vifuniko vya soda, ingawa nayo ina kula na kuliwa. Timu zinachagua majina kwa zamu. Mwanangu alichaguliwa raundi ya tisa, na baba yake alilia kwenye maegesho. Ukichaguliwa unahama nyumbani, unakaa na familia ya kulea, unasoma shule ya mji huo, unapewa posho ndogo ya matumizi.

Soma kipengele cha ada ya chuo kuliko unavyosoma cha posho. Kila msimu unaocheza unahesabiwa katika kulipiwa chuo baadaye, lakini haki hiyo ina tarehe ya kufa na ina mambo yanayoiua, likiwemo kusaini mkataba mkubwa wa kulipwa. Uliza tarehe hiyo kwa maandishi. Nilimwamini mtu wa timu moja aliyeniambia "usijali mzee, tutaangalia". Hawakuangalia. Mwaka mzima wa masomo ulipotea.

Jambo jipya la kheri: zamani ukigusa OHL, vyuo vya Marekani vilikuhesabu mchezaji wa kulipwa na vikakufungia mlango. Tangu Agosti 2025 mlango uko wazi. Kwa winga wa vikumbo hii ni habari kubwa, maana miili hiyo huchelewa kukomaa, na chuo kinampa miaka minne zaidi ya kuzoea miguu yake.

Usipochaguliwa NHL, na wengi hawachaguliwi, hapo ndipo kazi halisi inapoanza. Drafti yao ina raundi saba tu kwa timu 32. Chini yake iko AHL, chini ya AHL iko ECHL. Tofauti ya mshahara ni ya mbingu na ardhi: kima cha chini cha NHL kwa msimu wa 2025-26 ni dola 775,000, wakati ECHL wanalipa kwa wiki, dola mia kadhaa, na timu inakupa pa kulala. Mwanangu aliishi chumba kimoja na kipa anayekoroma. Ligi hizo mbili zina chama kimoja cha wachezaji, PHPA. Jiunge, soma barua zake, wapigie simu kabla hujamwita wakala.

Kuna kitu wakala hatakwambia. AHL ina kanuni ya umri wa mechi: kati ya wachezaji 18 wa uwanjani, angalau 13 wawe wale wanaohesabiwa bado wanakua, na 12 kati yao wasiwe wamepita mechi 260 za kulipwa. ECHL nayo inaruhusu wakongwe wanne tu. Maana yake ni kwamba siku moja, ukiwa na miaka 25 au 26, umeimarika, unajua kazi, unakuta wewe ni "mkongwe" na kiti chako kinapewa mtoto. Hujafanya kosa lolote, ni hesabu tu. Weka hesabu ya mechi zako mwenyewe, na ukikaribia 260 anza kuangalia Ulaya. Uingereza timu zinatoa nyumba, na nyingine zinakulipia shahada wakati unacheza. Mwanangu alisomea usimamizi wa ujenzi huko huko, Jumatano asubuhi darasani, Jumatano usiku barafuni.

Daftari la mwili

Nunua daftari la shule, lenye mistari, siku ya kwanza ya kulipwa. Andika kila kinachoumia: tarehe, kiungo, nani alikutazama, alikupa dawa gani, vidonge vingapi. La mwanangu lina bega la kushoto mara nne, kifundo cha mkono, vidole viwili, na kichwa mara tatu.

Kile cha kichwa cha pili kilifanyika kwenye timu ambayo sitaitaja. Alisema anaona mwanga pembeni ya jicho. Wakamuuliza leo ni siku gani, akajibu, wakamrudisha kipindi cha tatu. Usiku ule akanipigia simu kuniuliza kama nimeshanoa viatu vya Jumamosi. Jumamosi ilikuwa imepita. Nilipanda basi saa tisa usiku.

Tangu hapo tuliwekeana kanuni: ukigongwa kichwa, mtu wa kuamua si wewe, si kocha, na si mtu anayelipwa na timu peke yake. Ni daktari wa nje, na nyumbani kuna mtu mmoja anayejua unavyoongea ukiwa mzima. Kwa vidonge vya maumivu, mkewe ndiye aliyeshika chupa. Mwanangu alikasirika mwezi wa kwanza.

Na uweke kando kila wiki, hata dola 40, kwa ajili ya msimu ambao hutacheza. Utakuja. Ulimjia Uingereza akiwa na miaka 30, mwezi wa pili, asubuhi akijaribu kufunga kamba za viatu, mkono wa kushoto ukagoma kupanda. Alikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo hadi wote wametoka, ndipo akanipigia.

Sasa anasimamia majengo. Jumapili usiku anakuja uwanjani kwetu kucheza na wazee, mchezo usio na vikumbo, mafundi bomba na walimu. Mara ya kwanza alipoleta viatu niliviweka kwenye mashine nikaiseti 5/8 kama kawaida, sikumuuliza. Akanyoosha mkono akaizima.

"Nipe robo tatu, baba," akasema. "Nataka kuteleza tu."